Miguu Ilitangulia Kichwa: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Asili ya Binadamu

Mwezi huu ukurasa wetu wote umechukuliwa na jambo moja. Maswali tuliyopokea kuhusu chimbuko la binadamu ni mengi kuliko nafasi tuliyo nayo, na kwa kuwa mengi yanauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, tumechagua matano. Majibu hayatalingana kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari, Dodoma. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya chimbuko la binadamu, hapakosi mwanafunzi wa kunyoosha mkono na kuuliza: "Kama mtu alitokana na nyani, mbona hawa nyani wa leo hawageuki kuwa watu?" Darasa zima huangua kicheko, nami hubaki nikitafuta maneno. Nimjibu nini?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza vizuri, ila amepotoshwa na neno moja. Nyani ni yule mwenye mkia na pua ndefu kama ya mbwa, mwizi wa mahindi shambani, anayekaa kando ya barabara ya Mikumi akingoja maganda ya ndizi kutoka madirishani mwa mabasi. Hakuna mwanasayansi anayesema kwamba mtu alitokana na mnyama huyo. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuwatenganisha viumbe hawa, yaani nyani, tumbili, kima, mbega na sokwe, lakini tukifika kwenye mjadala huu tunawatia wote kapu moja na kuliita nyani, halafu tunashangaa kwamba hoja haieleweki. Jamaa yetu wa karibu zaidi miongoni mwa wanyama walio hai ni sokwe, asiye na mkia, anayepatikana Gombe na Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, na hata yeye si babu yetu. Ni binamu.

Lishike neno hilo la binamu, kwa maana litakusaidia darasani. Wewe na binamu yako mna babu mmoja, na binamu akibaki kijijini kulima, nawe ukahamia mjini ukawa fundi cherehani, hakuna atakayeuliza kwa nini binamu hajageuka kuwa wewe. Ukoo wa sokwe na ukoo wa watu uliachana takriban miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita, kutoka kwa mababu ambao hawakuwa sokwe wala watu, na tangu hapo kila upande umekwenda njia yake, upande wa sokwe nao ukibadilika kwa namna yake. Undugu huo unasomeka katika vinasaba, ambavyo vikiwekwa sambamba vinafanana kwa karibu asilimia 99. Kipo kielelezo kimoja ninachokipenda kuliko vingine vyote. Sokwe ana kromosomu 48, mtu ana 46, na mpinzani wa undugu huu angeweza kabisa kuanzia hapo, kwa kuwa kromosomu mbili hazipotei hivihivi. Zilipochunguzwa, ilionekana kwamba kromosomu namba 2 ya binadamu ni mbili za zamani zilizoungana ncha kwa ncha, na alama za ncha hizo bado zimo katikati yake, mfano wa doti ya kanga ambayo haijakatwa, pindo la upande mmoja likikutana na pindo la upande wa pili pale ambapo mkasi ulipaswa kupita.

Pamoja na hayo, itumie kwa tahadhari ile picha ya vitabuni inayoonyesha viumbe wamepanga foleni, wa nyuma ameinama na wa mbele amesimama wima. Inamfanya mtoto aamini kwamba kila mmoja alimpisha mwenzake. Oldupai kwenyewe panaikanusha. Tarehe 17 Julai 1959, mwanaakiolojia Mary Leakey aliona pale fuvu lenye magego makubwa ajabu, ambalo umri wake ulikadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Mumewe, Louis Leakey, alilipa jina la Zinjanthropus kutokana na Zinj, jina ambalo waandishi wa Kiarabu wa kale waliliita pwani yetu, na mwanzoni aliamini kwamba mwenye fuvu hilo ndiye aliyechonga zana za mawe zilizolizunguka. Haikupita miaka mingi, mifupa ya kiumbe mwingine, mwenye ubongo mkubwa zaidi, ikapatikana katika bonde lilelile na katika tabaka za umri ule ule. Mwaka 1964 kiumbe huyo akapewa jina la Homo habilis, na heshima ya kuchonga mawe ikahamishiwa kwake. Kwa hiyo wawili hao waliishi zama moja na bonde moja, na ukoo wa Zinjanthropus ukatoweka bila kuacha mzao. Huo si mfano wa foleni hata kidogo. Ni mti wenye matawi mengi yaliyokauka na tawi moja lililobaki, ambalo ni sisi.

Atakuwapo pia mwanafunzi atakayeuliza kuhusu Adamu, na ana haki, maana neno lenyewe binadamu lina maana ya mwana wa Adamu na tunalitamka kila siku. Usimdhihaki. Mwambie kwamba somo lako linashughulika na mifupa, mawe na umri wa miamba, na kwamba yapo maswali ambayo vitu hivyo vitatu havina ulimi wa kuyajibu.

SWALI: Mwaka jana tulisafiri familia nzima hadi Ngorongoro ili tuone nyayo za Laetoli, tukaonyeshwa nakala tu. Tuliambiwa kwamba nyayo halisi zimefukiwa. Je, zipo kweli? Na hata kama zipo, nyayo zina jambo gani kubwa, wakati kinachomtofautisha mtu na mnyama ni akili?

JIBU: Zipo, na zimefukiwa kwa makusudi. Nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo lililowapoteza hata wataalamu kwa nusu karne.

Hapo zamani karibu kila mtaalamu wa Ulaya alifikiri kama wewe: kwamba akili ilitangulia, ubongo ukakua kwanza, kisha mwili ukafuata. Mwaka 1912 huko Piltdown, Uingereza, ilitangazwa habari ya fuvu lenye ubongo mkubwa kama wetu na taya kama la sokwe, na likapokewa kwa shangwe kwa sababu lilisema kile walichotaka kusikia. Kumbe ilikuwa ghushi. Ilipofika mwaka 1953 ilithibitika kwamba fuvu lilikuwa la mtu wa kawaida na taya la orangutani, meno yakiwa yamesuguliwa kwa tupa na mifupa kutiwa rangi ionekane ya kale. Katika kipindi hicho hicho, mwaka 1925, Raymond Dart wa Afrika Kusini alikuwa ametangaza fuvu la mtoto wa Taung, ambalo lilikuwa halisi kabisa: ubongo mdogo, lakini tundu la uti wa mgongo likiwa chini ya fuvu, si kisogoni, dalili kwamba mwenye fuvu alitembea wima. Wakubwa wa taaluma walimpuuza kwa miaka mingi. Sioni fedheha kubwa kuliko hiyo katika historia ya elimu hii, kwamba uongo wa Uingereza uliaminiwa kwa miaka arobaini huku ukweli wa Afrika ukiachwa ukae rafuni.

Laetoli ndipo ubishi huo ulipokatwa. Mwaka 1976 wageni kadhaa wa kambi ya Mary Leakey walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo, mchezo wa watu wazima waliochoka na kazi, na mmoja wao, Andrew Hill, katika kukwepa akaanguka. Akiwa chini, uso ukiwa karibu na mwamba, aliona vishimo vidogo vya matone ya mvua pamoja na nyayo za wanyama. Miaka milioni 3.66 kabla yake, volkano ilikuwa imemwaga majivu laini, manyunyu yakayalowesha, tembo na twiga wakapita, sungura wakapita, hata kanga (ndege, si vazi) wakapita, kisha majivu yakaganda kama saruji na kufunikwa na majivu mengine. Mwaka 1978 ikaonekana njia ya viumbe waliotembea kwa miguu miwili, takriban nyayo 70 katika urefu wa mita 27 hivi. Ukitazama unyayo mmoja kwa karibu, hata katika nakala mliyoonyeshwa, utaona kisigino kimezama sana kwa kuwa ndicho kilichotua kwanza, na kidole gumba kimelala sambamba na wenzake. Gumba la mguu wa sokwe limetanuka kando kama la mkono, kwa ajili ya kushika matawi.

Wenye nyayo hizo wanadhaniwa kuwa wa jamii moja na Lucy, zamadamu aliyepatikana Ethiopia mwaka 1974, ambaye ubongo wake ulizidi ule wa sokwe kwa kiasi kidogo tu na ulikuwa kama theluthi ya wetu. Hivyo basi, kwa zaidi ya miaka milioni moja kabla ubongo haujaanza kukua kwa kasi, walikuwako viumbe waliotembea kama sisi na kuwaza, kwa kadiri tunavyoweza kukisia, si mbali na sokwe. Hata zana hazikungoja ubongo mkubwa: huko Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, yamepatikana mawe yaliyochongwa miaka milioni 3.3 iliyopita, kabla ya mfupa wowote unaojulikana wa jenasi yetu ya Homo. Na yeyote anayefikiri kwamba kutengeneza zana ndiko kunakomfanya mtu awe mtu, alijibiwa mwaka 1960 pale Gombe, Jane Goodall alipomwona sokwe akipukutisha majani ya kijiti, akakitia katika kichuguu na kukivuta kimejaa mchwa.

Kuhusu kufukiwa: nyayo za mwaka 1978 zilifukiwa mara baada ya kuchunguzwa, lakini mbegu za migunga zikaota katika mchanga ule na mizizi ikaanza kuutishia mwamba. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania na wenzao wa Taasisi ya Getty walifukua, wakaondoa mizizi, wakafukia tena kwa vitambaa maalumu, mchanga na mawe ya volkano juu yake. Majivu yaliyoganda hayavumilii jua, mvua na kwato za ng'ombe. Ninaelewa masikitiko ya aliyesafiri mbali na watoto, lakini kati ya kuoneshwa nakala leo na wajukuu wako kukuta kokoto, ningechagua nakala. Tena bado hazijaisha: mwaka 2016 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, pamoja na wenzao wa Italia, walitangaza nyayo za watu wawili wengine, mita 150 tu kutoka zile za kwanza.

SWALI: Je, binadamu bado anabadilika, au mageuko yalikwisha? (Msomaji wa Arusha)

JIBU: Anabadilika. Wanyama wanyonyeshao kwa kawaida hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa wakishaachishwa ziwa, na watu wengi duniani wako hivyo hadi leo. Lakini miongoni mwa wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan yamegunduliwa mabadiliko ya vinasaba, yaliyotangazwa mwaka 2007, ambayo humwezesha mtu mzima kunywa maziwa bila tumbo kumsokota. Wazungu nao wana badiliko la namna hiyo, lakini si hilo hilo. Ng'ombe walifugwa mahali pengi, na mwili ukapata jibu zaidi ya moja. Mfano mwingine ni wa uchungu. Anayerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo lililoonyeshwa na Anthony Allison mwaka 1954 kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki, na ndiyo maana kinasaba hicho kimedumu katika maeneo yetu yenye mbu, ingawa anayekirithi kwa wazazi wote wawili huugua maisha yake yote. Mageuko hayajali haki.

SWALI: Mimi ni bibi wa wajukuu tisa, naishi Tanga. Mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu ameniambia kwamba wanyama wengi hawaishi sana baada ya kukoma kuzaa, lakini binadamu huendelea kuishi miaka mingi. Mimi nilikoma miaka ishirini iliyopita. Nikamuuliza, sasa mimi nipo kwa kazi gani? Akacheka, hakunijibu. Nijibuni ninyi.

JIBU: Shikamoo, bibi. Swali lako limewaumiza vichwa wataalamu wengi, na jibu linalozungumzwa zaidi lilipatikana si mbali sana na kwako, kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi.

Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe wakipima, siku baada ya siku, nani analeta chakula gani kambini. Walitarajia kwamba wawindaji ndio watakaobeba hesabu. Walichokikuta ni wanawake wenye umri wako, wakitoka asubuhi na miti yao iliyochongwa ncha, wakichimba mizizi katika ardhi ngumu ambayo mtoto hawezi kuichimba. Afya ya mtoto aliyeachishwa ziwa ilitegemea bidii ya mama yake, hadi mama alipojifungua tena. Kuanzia hapo mama alikuwa na kichanga mikononi, na unene wa yule mkubwa ukaanza kufuata bidii ya bibi.

Linganisha na sokwe. Sokwe jike huzaa kwa nafasi ya miaka mitano au zaidi, kwa kuwa mwanawe akiacha kunyonya lazima ajitafutie mwenyewe, na hakuna shangazi wala bibi anayemletea tunda kila siku. Mtu huzaa kwa nafasi fupi zaidi, ilhali mtoto wake ni mzigo mkubwa zaidi. Wewe uliyewaogesha wajukuu tisa unajua utosi wa kichanga ulivyo laini na unavyodunda chini ya kiganja. Kichwa hicho kinazaliwa kikiwa na chini ya theluthi ya ubongo wa mtu mzima, kwa sababu, kwa maelezo ya wengi, nyonga iliyojengwa kwa ajili ya kutembea wima haina nafasi ya kupitisha zaidi. Ndiyo maana pia mwanamke karibu kila mahali huzaa akiwa na mkunga au jamaa kando yake. Ubongo ukishakomaa ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yake. Chakula chote hicho mama peke yake hakimudu. Hawkes anadai kwamba mabibi waliosaidia kulisha wajukuu waliwafanya wajukuu hao waishi, na wajukuu wakarithi maisha marefu ya mabibi zao.

Sitakudanganya kwamba ubishi umekwisha. Wapo wanaowapa akina baba na wawindaji uzito mkubwa zaidi. Isitoshe, mwaka 2023 watafiti wa sokwe wa Ngogo, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, walionyesha kwamba majike wa huko huishi miaka kadhaa baada ya kukoma kuzaa, ingawa hawaishi na mabinti zao na hawalei wajukuu. Nao baadhi ya nyangumi hukoma kuzaa kama sisi. Mpaka kati yetu na wanyama una tabia ya kuhama kila anapofika mtu wa kuupima. Ningependa pia mjukuu wako asije akakuambia kwamba Wahadzabe ni watu wa kale waliosahaulika. Ni watu wa leo kama wewe na mimi, wenye urefu wa historia ulio sawa na wetu. Kilichowavuta watafiti ni kwamba walikuwa bado wanaijua kazi ambayo sisi tumeiachia soko.

Kwa hiyo kazi uliyonayo, kwa hesabu za Hawkes, ni ile ile unayoifanya mjukuu wa tatu anapolia njaa na mama yake yuko na kichanga chumbani.

SWALI: Nimesikia kwamba huku kwetu Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi, walichimbua mtoto wa kale sana na dunia nzima ikashtuka. Kwani mtoto mmoja ana nini?

JIBU: Ana kaburi. Wachimbaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani waliona vipande vya kwanza mwaka 2013, na mwaka 2017 wakafikia shimo lenyewe, kiasi cha mita tatu chini ya sakafu ya sasa ya pango. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba ikiguswa inakuwa vumbi, hivyo walilikata bonge zima la udongo, wakalifunga kwa plasta na kulisafirisha, kwanza Nairobi, kisha maabara moja ya Uhispania, ambako kazi ya kuuondoa udongo ilikwenda punje kwa punje. Meno ndiyo yaliyosema kwanza kwamba huyu ni mtu, tena mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Umri wa kaburi ni takriban miaka 78,000, na ilipotangazwa Mei 2021 hapakuwa na kaburi la binadamu la kale zaidi linalojulikana barani Afrika. Madai kwamba kiumbe mwingine, Homo naledi wa Afrika Kusini, alizika wafu wake mapema zaidi yamepingwa na wengi, na kwa maoni yangu bado hayajasimama. Nje ya Afrika, huko Mashariki ya Kati, yapo makaburi ya kale kuliko hili.

Utauliza wanajuaje kwamba alizikwa, kwamba hakufia tu pangoni. Shimo lilichimbwa kwa kusudi na kujazwa udongo uliokwanguliwa pale pale. Mtoto alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na mifupa ya kifua haikutawanyika, jambo linaloonyesha kwamba sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imeviringishwa kwa kitu kilichokaza, labda majani au ngozi, ambacho kimeoza. Watafiti wenyewe walimwita Mtoto, kwa Kiswahili, na ndivyo anavyojulikana hadi leo popote anapotajwa. Fuvu lake lilikutwa limeinama na kushuka pamoja na mifupa mitatu ya shingo, kwa namna inayotokea pale tu ambapo kichwa kimeegemezwa juu ya kitu laini kinachooza baadaye na kuacha uwazi chini yake. Kuna mtu aliyemwekea mto.